Je, Ujirani Hufundishwa Chuo Kikuu?

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi imezuka rai nyingine, kwamba asiyefunzwa na mamaye wala na ulimwengu, basi na afunzwe na chuo kikuu. Katika nchi nyingi, zetu za Afrika Mashariki zikiwamo, mwanafunzi hapewi shahada mpaka awe amepita katika masomo fulani ya jumla, hata kama anasomea udaktari, uhandisi au uhasibu. Na kuna wanaotaka miongoni mwa masomo hayo liwemo moja la lazima juu ya mila za watu, tofauti zao, na ubaya wa kubaguana.

Je, jambo kama hilo lafundishika? Na likifundishika, lifundishwe vipi? Swali hili si la maprofesa peke yao. Ni la kila mzazi wa Lamu, Mombasa au Kwale anayemfungia mwanawe mizigo na kumpandisha basi la Nairobi.

MTAA WENYEWE

Pahali pazuri pa kulipimia swali hili ni Lucky Summer. Mtaa huu uko upande wa mashariki wa Nairobi, katika jimbo la Ruaraka, nao ni jirani wa Baba Dogo na Korogocho, si mbali na jaa kuu la Dandora. Jina lake ni la raha, lakini upepo ukigeuka, moshi wa jaa huingia madirishani bila ya kubisha hodi. Vyuo vilivyo kandokando ya Barabara ya Thika haviko mbali, na kijana mwenye fedha chache hutafuta chumba katika mitaa kama hii.

Humu, ndani ya ploti moja yenye lango moja, utamkuta Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, Mluhya, Msomali na Mborana. Bomba la maji ni moja na kamba ya kuanikia nguo ni moja. Kijana aliyelelewa Mji wa Kale, ambako jirani alikuwa ni shangazi au mtoto wa ami, hujikuta akigawana ukuta na mtu ambaye hata salamu zake hazijui.

Basi huanza kujifunza bila ya mwalimu. Hujua kwamba jirani yule hafui nguo Jumamosi kwa kuwa ni Msabato. Humwona mtu mwenye kilemba cheupe, akamtolea salamu ya Kiislamu, kisha akaambiwa kwamba yule ni Mkristo wa madhehebu ya Akorino. Jirani naye hujifunza: mwezi wa Ramadhani akajua saa ya kufuturu, asije akapiga redio kwa sauti kubwa wakati watu wako kwenye tarawehe.

Kwa hivyo mtu aweza kusema, chuo cha nini? Mtaa unatosha! Lakini pole pole, ndugu msomaji. Mitaa hii hii ya mashariki ya Nairobi, Korogocho, Mathare, Huruma na Dandora, ndiyo iliyowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nchi nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Watu walioteka maji bomba moja kwa miaka walihamana usiku, kila mmoja akikimbilia kwa kabila lake. Lipo somo hapo: kuishi pamoja si kujuana. Mtu aweza kukaa na jirani miaka kumi, akajua rangi ya shuka lake tu.

VYUO VYETU VILIVYOJARIBU

Vyuo vyetu vimekwisha kuonja jambo hili. Dar es Salaam ndiko lilikoshika mizizi zaidi. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kuipinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, ulifanyika mkutano wa kuujadili wajibu wa chuo katika nchi ya kijamaa. Katika vuguvugu hilo likazaliwa somo la pamoja kwa wanafunzi wote, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi ya masomo ya maendeleo ya kulisimamia. Mpaka leo mwanafunzi wa uhandisi hapo Mlimani hulazimika kuketi akasoma habari za jamii yake. Wapo waliolisifu somo hilo kwa kuwafungua macho, na wapo waliolinung'unikia wakisema ni siasa tupu.

Nairobi ilipitia njia yake. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, Afrika ikae katikati ya masomo na Ulaya ikae pembeni. Watu wengi wa pwani hawajui kwamba waraka ule uliitaja fasihi ya Kiswahili, pamoja na ya Kiarabu na ya Kihindi, kuwa ni mzizi mmojawapo wa utamaduni wa Afrika Mashariki. Wasomi watatu wa bara waliona kwamba mashairi ya Lamu na Mombasa ni mali ya kila mwanafunzi wa Nairobi.

Kisha ikaja njia ya kambi. Kuanzia 1984 hadi 1990 vijana wa Kenya waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu walipelekwa kwanza katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Walilala bweni moja, wakala sufuria moja, wakapiga kwata pamoja. Nidhamu ilipatikana, lakini kupiga kwata na mtu si kumwuliza habari zake.

Leo vyuo vya Kenya vina masomo ya pamoja ya aina mbalimbali, kama vile stadi za mawasiliano na elimu ya ukimwi. Chuo cha USIU kilichoko Kasarani, kilichoanza 1969 na kupewa hati ya serikali 1999, kinafuata desturi ya Kimarekani ya masomo ya jumla kwa kila mwanafunzi.

WAMAREKANI NAO

Huko Marekani kwenyewe jambo hili lina vita virefu. Wanafunzi wa chuo cha San Francisco waligoma tangu Novemba 1968 hadi Machi 1969 wakidai masomo ya historia za watu weusi na jamii nyingine zilizosahauliwa, na wakayapata. Mwaka 1989 walimu wa Berkeley walipitisha sharti kwamba kila mwanafunzi asome somo moja la tamaduni za Marekani. Mwaka 2020 jimbo la California likaweka sheria ya namna hiyo kwa vyuo vyake vya California State. Lakini Florida, mwaka 2023, ilipitisha sheria ya kuyabana masomo hayo hayo, kwa hoja kwamba yanawagawa watu. Jimbo moja linalazimisha, jingine linazuia, na yote mawili yanadai kuwatakia vijana mema!

Kwa sisi tulio mbali, ugomvi huo una faida moja. Watuonyesha kwamba neno “lazima” peke yake haliponyi kitu. Palipo na ukumbi wa watu mia tatu, mhadhiri akisoma maandishi yake ya miaka kumi, wanafunzi wakinakili ili wakatapike siku ya mtihani, hapo hapana somo. Mtu atapata alama ya juu katika ubaya wa ubaguzi, kisha jioni akarudi kwake na kumwita jirani kwa tusi la kabila.

CHUO KIJITAZAME

Kuna na jambo zito zaidi. Mtoto husikiliza kwa sikio, lakini hujifunza kwa jicho. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inasema kwamba afisi yoyote ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ilipovikagua vyuo vikuu vya umma mwaka 2012, iliona kwamba vingi vimeivunja. Sasa mwanafunzi atasadiki lipi? Lile linaloandikwa ubaoni, au lile analoliona kwenye milango ya afisi, majina yote ya upande mmoja?

Kadhalika Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa dini, kabila, lugha, na hata kwa mavazi yake. Neno hilo la mavazi si dogo kwetu. Kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo ilipanda mpaka juu: Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana haki mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa kesi. Kijana asiyekijua kifungu hiki hatajua kudai haki yake, wala hatajua kwamba Msabato na Mwakorino wa ploti yake wanalindwa na kifungu hicho hicho.

NA SISI JE?

Najua hofu ya wazazi wengi wa pwani. Wanasema: mwanangu atalazimishwa kusoma dini na mila za watu, mwisho atapotea. Hofu hii haifai kudharauliwa, lakini ipimwe. Kujua ni kitu kimoja na kufuata ni kingine. Abu Raihani Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, aliandika kitabu kikubwa juu ya Wahindi yapata mwaka 1030. Alijifunza Kisanskriti, akavisoma vitabu vyao, akaeleza itikadi zao kama wao wenyewe wanavyozieleza, wala hakutoka katika Uislamu wake. Na Sura ya Hujurati yatufahamisha kwamba watu waliumbwa mataifa na makabila ili wajuane. Kujuana hakupatikani kwa kufumba macho.

Tena tusijifanye kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa wengine. Ni mara ngapi neno “mbara” limesemwa vibarazani kwetu si kwa kutaja atokako mtu, bali kwa kumpunguza? Mtoto aliyeyanyonya hayo barazani hufika Lucky Summer akiwa amekwisha kumhukumu jirani kabla ya kujua jina lake. Jirani naye amekwisha kuambiwa kwamba watu wa pwani ni wavivu na wachawi. Hapo wawili hawa wameketi ukuta kwa ukuta, kila mmoja ana kitabu cha uongo juu ya mwenziwe.

SOMO LIWE HIVI

Rai yangu ni kwamba somo liwe la lazima, lakini mtihani wake usiwe wa kukariri. Mwanafunzi aambiwe: nenda kwa jirani yako asiyekuwa wa kabila lako wala dini yako, umwombe akueleze mambo yake kwa kinywa chake. Alizaliwa wapi? Mtoto wao hupewaje jina? Msiba kwao huwaje? Ni lini alionewa kwa ajili ya asili yake? Andika, kisha umsomee, yeye aseme kama umesema kweli. Alama itolewe hapo. Na Kiswahili kiruhusiwe, maana ndicho wanachosema langoni. Si haki mtu aeleze maumivu yake kwa lugha moja, yakapimwe kwa lugha nyingine.

Kwa njia hiyo, kijana wa Mombasa atamsikia jirani wa kutoka kaunti za mpakani akieleza alivyongojea kitambulisho akipitishwa mchujo wa ziada ambao wenzake hawakupitishwa, mchujo ambao Rais William Ruto alitangaza kuuondoa Februari 2025. Jirani naye atasikia kwamba wapo watu wa pwani waliosumbuliwa vivyo hivyo. Hayo hayasahauliki baada ya mtihani.

Kwa hakika mtihani wa kweli wa somo hili hauna tarehe. Aprili 2015, katika chuo kikuu cha Garissa, wauaji waliwauliza wanafunzi dini zao kabla ya kuwapiga risasi, na watu 148 wakafa. Desemba ya mwaka huo huo, basi liendalo Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki, Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike, na mwalimu Salah Farah, mmoja wa abiria hao, alipigwa risasi na akafa Januari 2016. Swali lilikuwa moja pande zote mbili: nani mwenzako? Abiria wale walilijibu papo hapo, hawakupewa muda wa kufikiri.

Hatuwezi kudai kwamba somo la chuo litamzaa mtu kama mwalimu Salah. Lakini twaweza kudai vyuo vyetu visimpe mtu shahada hali hajamjua hata jirani mmoja wa ploti yake. Nasi wazazi, tunapomfungia kijana mizigo na kumwusia swala na masomo, tumwongezee usia wa tatu: ukifika, piga hodi mlango wa pili, ujitambulishe, uulize jina la mwenyewe.