Kuogelea Katika Magati ya Zamani ya Salford

Salford, pua na mdomo na Manchester, watu huogelea katika mabwawa yaleyale ambamo meli za pamba na nafaka zilikuwa zikifunga gati. Anayeikumbuka bandari ile ilivyokuwa miaka ya 1970 haamini kwa urahisi. Maji yalikuwa meusi na yananuka, na samaki hakuwa na pa kuishi. Leo waogeleaji hulipa ada ili waingie humo. Mabadiliko hayo hayakuletwa na muda wala na mvua. Yaliletwa na kuta, pampu na hewa. Nitaeleza kazi hiyo ilivyofanyika, kwa sababu kila mji wenye maji machafu una la kujifunza hapo. Kisha nitaeleza hatari ambayo hakuna pampu inayoweza kuiondoa, nayo ni baridi.

Tuanze na bwawa lenyewe. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea bandari zilizo wazi kwa bahari. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4, na meli huinuka na kushuka nayo. Liverpool tofauti hiyo hukaribia mita 10. Meli iliyofungwa ukutani ingekalia tope mara mbili kwa siku. Ndiyo maana mwaka 1715 Liverpool ilifungua bwawa la meli lililozungushiwa kuta na kuwekewa lango, la kwanza la kibiashara la aina hiyo duniani. Meli iliingia maji yakiwa yamejaa, lango likafungwa, na ndani maji yakabaki kimo kimoja huku nje yakipwa. Miji mingine ikafuata. Bwawa la Royal Victoria la London, lililofunguliwa mwaka 1855 kwa ajili ya meli za mvuke, nalo siku hizi lina waogeleaji.

Manchester haina bahari. Wafanyabiashara wake, waliochoka kulipa gharama za bandari ya Liverpool na za reli, walichimba mfereji wa kilomita 58 unaoitwa Manchester Ship Canal. Ulifunguliwa mwaka 1894. Malango yake yaliyopangwa kama ngazi yaliinua meli karibu mita 18 juu ya usawa wa bahari hadi zikafika Salford. Mwaka 1905 Mfalme Edward VII alifungua gati namba 9, kubwa kuliko yote. Meli za Manchester Liners, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1898, zilisafiri kati ya hapo na Kanada, na ndiyo sababu baadhi ya mabwawa hayo yamepewa majina ya maziwa makuu ya Amerika Kaskazini: Ontario, Huron, Erie. Baadaye yalikuja makontena, meli zikawa kubwa kuliko mfereji, na mwaka 1982 bandari ikafungwa. Maelfu ya watu walipoteza kazi.

Kilichobaki kilikuwa maji mengi yasiyo na mwenye kuyataka.

Sifa ileile iliyolifaa bwawa kwa biashara ndiyo iliyoliharibu. Maji ya ndani yalitulia, na maji yaliyotulia huangusha chini kila yanachobeba. Mto Irwell ulileta uchafu wa viwanda na vyoo vya miji yote iliyokuwa juu yake, ukaingia katika mfereji na magati, ukapunguza kasi, na uchafu ukazama. Tabaka la tope likaongezeka mwaka baada ya mwaka. Bakteria waliokula tope hilo walitumia oksijeni iliyokuwa majini, na ilipokwisha wakaja bakteria wa aina nyingine wasiohitaji oksijeni, ambao hutoa methani na gesi yenye harufu ya yai viza. Wakati wa joto gesi hizo zilijikusanya ndani ya tope, zikalinyanyua, na mapande yake yakaelea juu ya mfereji watu wakiyaona.

Hapo kuna jambo la kifizikia linalofaa kueleweka na yeyote anayefuga samaki au kutunza lambo. Jua hupasha joto maji ya juu, nayo huwa mepesi. Ya chini hubaki baridi na mazito. Bila upepo mkali au mkondo, matabaka hayo mawili hayachanganyiki. Tabaka la juu hugusana na hewa, la chini haliipati. Katika bwawa lenye kina cha mita 8 hivi, kama hayo ya Salford, tabaka la chini linaweza kuishiwa oksijeni kabisa. Tena tope lisilo na oksijeni huachilia fosforasi iliyokuwa imenaswa ndani yake, na fosforasi ni mbolea ya mwani. Kwa hiyo hata ukizuia uchafu mpya usiingie leo, ule wa zamani utaendelea kulisha maji kutoka chini.

Halmashauri ya Salford, iliyonunua magati hayo baada ya bandari kufungwa, ilitoa mpango wa maendeleo mwaka 1985. Hatua ya kwanza katika maji ilikuwa kujenga kuta za kuzuia kwenye midomo ya mabwawa ili maji yake yatengwe na mfereji. Bila hatua hiyo mengine yote yangekuwa kazi bure, kwa sababu mto ungerudisha kila siku kile kilichoondolewa. Hatua ya pili ilikuwa kupeleka hewa chini. Mitambo ilisukuma hewa hadi sakafuni, mapovu yakapanda ndani ya mabomba yakiyavuta maji ya chini, na bwawa zima likakorogwa kama uji unavyokorogwa kwa mwiko usishike chini. Maji ya chini yakafika juu, yakapata oksijeni, yakashuka tena. Samaki walitiwa, wakaishi. Mwaka 2001 mfereji wenyewe, upande wa pili wa kuta, nao ulianza kupuliziwa oksijeni. Mwaka 2002, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofanyika Manchester, wanariadha wa triathlon waliogelea katika mabwawa hayo ya Salford.

Nashangazwa na jinsi wazo la kuyapa maji hewa lilivyokuwa karibu kwa muda mrefu. Si mbali na magati hayo, katika mtambo wa majitaka wa Davyhulme, Edward Ardern na William Lockett walionyesha mwaka 1914 kwamba ukipuliza hewa ndani ya majitaka na kulitunza lile tope lenye bakteria hai, uchafu husafishika kwa muda mfupi. Mbinu yao sasa hutumika duniani kote. Mji ulioifundisha dunia kusafisha maji kwa hewa ulikaa miaka 70 zaidi kabla ya kuyapa hewa maji ya bandari yake. Maarifa yalikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kulipia.

Maji safi hujulikanaje? Kwa macho hayajulikani. Maji meusi ya kijito cha msituni yanaweza kuwa salama, na maji maangavu yakawa na kinyesi. Wataalamu hupima bakteria wawili wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama, E. koli na enterokoki, kwa sababu wakionekana ni dalili kwamba kinyesi kimeingia. Chini ya kanuni za Ulaya za mwaka 2006, ambazo msingi wake Uingereza bado inautumia, maji yasiyo na chumvi hupata daraja la juu kabisa ikiwa E. koli hawazidi 500 katika mililita 100 na enterokoki hawazidi 200, na vipimo hivyo hukokotolewa kwa sampuli za misimu kadhaa. Kipimo cha siku moja hakitoshi, kwani mvua kubwa hubadilisha kila kitu. Miji mingi ya zamani ya Uingereza ina mabomba yanayobeba maji ya mvua na ya vyoo pamoja, na yakijaa humwagikia mtoni. Bwawa lililotengwa kwa ukuta lina kinga dhidi ya mafuriko ya aina hiyo, ila si kinga kamili, kwa kuwa maji ya barabarani na vinyesi vya ndege huingia palepale.

Magonjwa mawili yanafaa kutajwa. La kwanza Watanzania walilisikia sana Julai 2022, lilipozuka mkoani Lindi: homa ya mgunda, yaani leptospirosisi. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, hasa panya, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho na pua. Penye gati la kale pana panya. Mwogeleaji hufunika vidonda kwa plasta isiyopitisha maji, huoga baadaye, na akipata homa kali na maumivu ya misuli ndani ya wiki chache humwambia daktari aliogelea wapi. Ugonjwa huu hutibika kwa antibiotiki ukigunduliwa mapema. La pili ni sumu ya sianobakteria, ule utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagwa juu ya maji wakati wa joto. Utando ukionekana, hakuna kuingia, na mbwa asiachwe kunywa.

Hayo yote yanatisha masikioni, lakini mara nyingi humwacha mtu na tumbo la kuhara au homa inayotibika. Baridi huua kwa dakika.

Bahari ya Dar es Salaam au Zanzibar ina joto la nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima. Bwawa la Salford katikati ya majira ya joto linaweza kufika nyuzi 20. Mwezi wa Aprili huwa na nusu ya hapo. Ngozi ikikutana ghafla na maji yaliyo chini ya nyuzi 15, mwili hufanya jambo ambalo nia haiwezi kulizuia: hushtuka na kuvuta pumzi kubwa, kisha hupumua harakaharaka bila mpangilio. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati wa pumzi ile ya kwanza, kinachoingia mapafuni ni maji. Mshtuko huu huwa mkali zaidi katika nusu dakika ya mwanzo na hupungua baada ya dakika mbili au tatu. Mtafiti Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth amefanya kazi ya miaka mingi juu yake, na kazi hiyo imesaidia kubadilisha mafunzo ya uokoaji nchini Uingereza. Zamani mtu aliyeanguka majini aliambiwa aogelee kwa nguvu. Sasa huambiwa aelee kwanza: alale chali, masikio yakiwa majini, atandaze mikono, asubiri pumzi irudi, ndipo aite msaada au aogelee.

Baada ya mshtuko huja hatua ya pili, ambayo waogeleaji hodari huidharau. Misuli ya mikono na miguu hupoa ndani ya dakika 10 hadi 30, vidole hutanuka vyenyewe na kukataa kukutana, mkono unaopiga maji hupoteza nguvu, na mtu aliyevuka mikondo ya bahari tangu utotoni anashindwa kufika ngazi iliyo mita 20 mbele yake. Anazama kabla joto la ndani ya mwili halijashuka kufikia kiwango cha kuua. Kwa mwogeleaji wa pwani yetu kuna jambo la ziada: maji ya chumvi humwinua zaidi kuliko maji ya ziwa au gati. Tofauti ya uzito ni kama asilimia 2 na nusu tu, lakini kwa mtu mwembamba inatosha kumfanya ahisi miguu inazama.

Hata kutoka majini hakumalizi habari. Sehemu za nje za mwili zilizopoa huendelea kuvuta joto kutoka ndani, kwa hiyo joto la ndani ya mwili huzidi kushuka kwa muda baada ya mtu kujikausha. Avue nguo zenye maji, avae kavu, anywe kitu cha moto, aketi. Asikimbilie kuoga maji ya moto, kwani mishipa ya ngozi ikifunguka ghafla shinikizo la damu linaweza kuporomoka akaanguka.

Na gati si ufuko. Kuta zake zimesimama wima hadi sakafuni, hakuna mahali pa kutua mguu, na ngazi ziko mbalimbali. Chini kunaweza kuwa na vyuma na minyororo iliyosahaulika. Kila majira ya joto vijana huruka kutoka kwenye madaraja na kingo za magati ya Uingereza siku ya joto kali, hewa ikiwa nyuzi 30 na maji chini yao yakiwa baridi bado, na baadhi hawatoki. Watazamaji husema alikuwa anajua kuogelea. Mara nyingi ni kweli, na haikumsaidia.

Kikao cha kuogelea kilichopangwa hukata hatari hizo moja baada ya nyingine: joto la maji hupimwa na kutangazwa, kila mtu huandikishwa anapoingia na anapotoka, kofia ni ya rangi inayoonekana, boya dogo hufungwa kiunoni, suti ya mpira huhifadhi joto na kumwinua mvaaji, na mwokozi yuko juu ya mtumbwi hatua chache tu kutoka kwa waogeleaji. Ada inayotozwa ni ya kulipia hayo, na kwa maoni yangu ni halali kabisa.

Kwa hiyo ndugu msomaji uliyeko Manchester, London au Liverpool, au unayemtuma mwanao kusoma huko, mwambie hivi: akitaka kuogelea gatini, ajiandikishe kwenye kikao chenye mwokozi, aingie kwa ngazi taratibu, akae dakika chache tu mara ya kwanza, na asiruke kamwe kutoka darajani hata kama wenzake wote wameruka. Akimwona mtu anazama, asimfuate majini. Amrushie boya lililotundikwa ukutani, amwambie aelee, na apige 999.