Mchongoko: Kwa Nini Treni ya Umeme Ina Pua Ndefu

Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 1 Novemba, 2024 haikuchelewa kupata jina la mitaani. Wananchi waliitazama pua yake iliyochongoka, wakaiita Mchongoko. Shirika la Reli Tanzania (TRC) nalo limelipokea jina hilo na hulitumia katika matangazo yake kwa abiria.

Si mara ya kwanza chombo cha reli kupewa jina kwa kile kinachoonekana. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na kuchukua kazi ya wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, watu waliona moshi. Gari moshi likabaki gari moshi hata baada ya makaa na kuni kuachwa.

Umbo la Mchongoko linaweza kudhaniwa kuwa ni urembo tu. Lina kazi. Mwendo wa treni ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka takriban mara nne. Hivyo kwa treni inayofikia kilomita 160 kwa saa, uso bapa ungeongeza gharama ya umeme katika kila safari. Pua hiyo huipasua hewa na kuielekeza pembeni. Treni za reli ya zamani, zenye mwendo mdogo zaidi, hazikuihitaji.

Hata hivyo, pua pekee haielezi unafuu wote wa nishati. Mchongoko, uliotengenezwa na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini, hauna kichwa cha kuvuta mabehewa: mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa yenyewe. Dereva anapofunga breki, mota hizo hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye nyaya. Pua zipo mbili, mbele na nyuma, kwa kuwa kila upande una chumba cha dereva. Treni ikifika mwisho wa safari haina haja ya kugeuzwa.

Kwa wakazi wa Tabora, suala hili halipo mbali. Kipande cha reli ya kisasa cha Makutupora hadi Tabora kina urefu wa kilomita 368, kikifuatiwa na cha Tabora–Isaka, kilomita 165, na cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, kinachoelekea upande ule ule misafara ilikopita kwenda Ujiji.

Wakazi wa maeneo hayo, hususan wafugaji, wamezoea kuisikia treni ya dizeli ikiwa bado mbali. Treni ya umeme haina mngurumo huo, na kwa kilomita 160 kwa saa hupita takriban mita 44 kila sekunde. Dereva akimwona ng'ombe relini, breki haziwezi kuisimamisha papo hapo. Mifugo na watu wavuke kwenye vivuko vilivyotengwa pekee, na nyaya za umeme zilizo juu ya reli zisiguswe wala kurushiwa kitu.