Chumvi Zinapobadilishana Ioni

Nitrati ya fedha na kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya mezani, huyeyuka vizuri katika maji, na kila moja hutoa myeyusho usio na rangi. Miyeyusho hiyo miwili ikichanganywa, maji hugeuka meupe kama tui papo hapo, kisha unga mweupe hutuama chini. Unga huo ni kloridi ya fedha:

AgNO₃ + NaCl → AgCl + NaNO₃

Huu ni mmenyuko wa kubadilishana, na kitu kigumu kinachotuama huitwa mashapo.

Chumvi iliyoyeyuka haibaki nzima. Hugawanyika kuwa ioni, kila moja ikiwa imezungukwa na molekuli za maji. Ioni za fedha na za kloridi zinapokutana, huvutana kwa nguvu hata maji yakashindwa kuzitenganisha, nazo hujipanga kuwa fuwele. Ioni za sodiamu na nitrati hubaki majini kama zilivyokuwa. Kwa hiyo mmenyuko wenyewe hasa ni huu:

Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl

Kinachoamua ni uyeyukaji. Kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, lita moja ya maji huyeyusha takriban gramu 360 za chumvi ya mezani, lakini takriban miligramu 2 tu za kloridi ya fedha. Nitrati ya potasiamu ikichanganywa na chumvi ya mezani, hakuna mmenyuko, kwa kuwa ioni zote nne huendelea kuwa huru.

Maji magumu yana ioni nyingi za kalsiamu. Sabuni hushikana nazo ikawa utando mweupe badala ya povu. Magadi, yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, yana kabonati ya sodiamu. Yakitiwa katika maji hayo, kalsiamu hutuama ikiwa kabonati ya kalsiamu, na sabuni hutoa povu.

Hospitalini, mgonjwa hunyweshwa salfeti ya bariamu ili tumbo lionekane kwenye picha ya eksrei. Ioni za bariamu ni sumu, lakini chumvi hii haiyeyuki, hivyo hupita tumboni na kutoka bila kuingia katika damu. Kwa sababu hiyohiyo, aliyemeza chumvi ya bariamu inayoyeyuka hupewa salfeti ya sodiamu au ya magnesi: salfeti huinasa bariamu tumboni na kuifanya mashapo yasiyodhuru.