Utani katika Mchezo wa Mpira: Habari za Kingolwira

Walimu wanapoalikana kwa barua, mara nyingi huandika, "Twawaomba mje tucheze mchezo wa kirafiki." Neno hilo ni jema, wala hatulilaumu. Lakini mtu aliyekaa kando ya uwanja wa kijiji siku ya mchezo amekwisha kusikia maneno ambayo rafiki hamwambii rafikiye. Golikipa huambiwa kwamba hata kuku hawezi kumkamata. Refa huulizwa macho yake ameyaweka rehani kwa nani. Na mchezaji aliyeanguka huambiwa alale tu, maana kwao kazi ni hiyo. Jioni watu hao hao hula pamoja. Kinachowawezesha si urafiki, bali ni desturi iliyo ya kale kuliko mpira, nayo ni utani. Twapenda kuieleza kama tulivyoiona Kingolwira, chini ya milima ya Uluguru, katika njia ya reli itokayo Dar es Salaam, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907.

Mchezo tunaousema ni mpira wa miguu. Kriketi, ambayo huko Uingereza ndiyo mchezo wa vijiji, huku kwetu ilikaa zaidi mijini, wala haikushuka vijijini kama mpira, ambao wataka uwanja na tufe tu, hata la matambara.

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo huitwa lukolo, na kila lukolo ina koo nyingine zilizo watani wake. Mtani ana ruhusa ya kumcheka mwenziwe mbele za watu, na kumchukulia kitu kidogo bila kuomba, naye mwenye kitu hana haki ya kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake. Lakini ruhusa hiyo ina mzigo wake. Afapo mtu, watani hufika kusaidia kazi za maziko, nao huiga mwendo na maneno ya marehemu mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Wageni wengi huona kicheko, wasiuone mzigo. Bwana R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944, na Bwana J. B. Christensen juu ya utani wa Waluguru hasa mwaka 1963, na wote wawili waliona kwamba si mzaha mtupu.

Tena uko utani wa kabila na kabila. Mashamba ya katani ya upande huu yaliwavuta watu wa makabila mengi, na wazee wa mahali pengi husimulia kwamba watani wao wa leo walikuwa adui zao wa vita, wakapatana.

Yafaa pia kulitazama neno lenyewe. Kutukana na kutania ni mbali. Mtu aweza kumtukana asiyemjua. Bali kumtania yampasa kwanza ajue ni nani, wa ukoo gani. Na neno kutaniana, katika kauli yake ya kutendana, ndilo hasa lenye maana kamili, kwa kuwa utani usiorudishwa si utani. Siku hizi neno limepanuka. Vilabu viwili vya Dar es Salaam, Yanga iliyoanza mwaka 1935 na Simba iliyoanza mwaka 1936, huitwa watani wa jadi, ingawa mpenzi wa Simba hana wajibu wowote katika maziko ya mpenzi wa Yanga. Jina limechukuliwa, mzigo umeachwa njiani. Hatusemi kwamba ni vibaya. Twasema mwalimu asidhani kwamba huo ndio utani wa kijijini.

Sisi wenyewe tulidhani hivyo, na hatuoni haya kuungama. Hatukuzaliwa Uluguru. Tuliwaalika vijana wa kijiji cha pili, na wakati wa mapumziko mtu mzima mmoja wa Kingolwira aliuchukua mpira, akaenda kuukalia chini ya mwembe, akasema hautoi mpaka nahodha wa wageni amlipe kuku. Mpira ulikuwa mali ya wageni. Tukamwita mwizi mbele ya watu wote, tukampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Uwanja ukanyamaza. Nahodha alitazama chini, wala hakusema neno. Wageni wakafunga vitu vyao, wakaenda zao kabla ya kipindi cha pili.

Mwezi uliofuata bibi yake nahodha alifariki. Yule mtu, aliyekuwa mtani wa ukoo wao, hakuonekana mazishini, wala nduguze. Mama wa nahodha alikuja kwetu kwa miguu, akatuuliza kwa upole kabisa kama ni sisi tuliomfundisha mwanawe kumshitaki mtani wake, na kama ni hivyo, siku yake yeye watakuja nani? Hatukuwa na jibu. Wazee wa pande mbili walikaa siku nzima juu ya jambo hili, na kuku tulimlipa sisi.

Mapadre wengine watauliza juu ya maneno machafu. Ni kweli kwamba utani wa Kiluguru hauogopi kutaja mambo ya mwili, na katika uwanja wenye watoto wa shule hatuwezi kukubali yote. Lakini tulipojaribu kukataza kila kejeli, vijana walicheza kimya, na katika kimya hicho rafu moja ilitosha kuleta ngumi. Sasa, kabla ya mchezo, mzee mmoja huuliza kwa sauti nani ni mtani wa nani, na wale wenye utani huwekwa mbele, karibu na mstari. Wasio na utani hukaa nyuma, nao hushangilia tu. Matusi ya nguoni mzee huyakata mwenyewe, nao humsikia kuliko walivyotusikia sisi.

Katika mchezo wa mwisho mpira ulikaliwa tena chini ya mwembe ule ule. Nahodha alilipa jogoo mzee asiye na mkia, akachekwa sana. Twawaomba wenzetu wa Matombo, Mgeta na Kilosa watuandikie: kwao mtani akishika mpira, hulipwa nini?