Jina, Cheo na Namba: Namna Askari Anavyojitambulisha

Mwanajeshi aliyetekwa vitani hulazimika kuwaambia waliomteka mambo manne tu: majina yake, cheo chake, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Ndivyo kinavyoagiza kifungu cha 17 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966 na kuuingiza katika sheria zake mwaka 1968. Akiulizwa kikosi chake kiko wapi au kina silaha gani, ana haki ya kunyamaza. Ni marufuku kumtesa, kumtisha au kumtukana ili aseme.

Kila moja kati ya hayo manne lina kazi yake. Cheo huamua mateka atakavyotunzwa: askari wa kawaida anaweza kupewa kazi, koplo au sajenti hutakiwa kusimamia tu, naye afisa halazimishwi kufanya kazi yoyote. Namba na tarehe ya kuzaliwa humtofautisha mtu na wenzake. Kwa mfano, Embu nchini Kenya, ambako akina Njeru, Nyaga na Ireri wamejaa kila kijiji, jina pekee halitoshi kumjulisha mzazi kwamba aliyetekwa ni mwanawe na si wa jirani. Taarifa hizo hupitia kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hadi kuifikia nchi ya askari na jamaa zake.

Kwa hiyo mkataba unaitaka kila nchi impe askari wake kadi ya utambulisho, ikiwezekana yenye upana wa sentimita 6.5 na urefu wa sentimita 10, tena kwa nakala mbili. Mateka huionyesha anapotakiwa, lakini hakuna ruhusa ya kumnyang'anya. Askari wengi huvaa pia kibati cha utambulisho shingoni. Kikiwa cha vipande viwili, mwenyewe akifa kimoja hubaki na maiti, na cha pili hupelekwa kwao kuwa ushahidi.

Kwa kijana wa Embu, utambulisho huo huanzia uwanjani siku ya kuandikisha makurutu. Hufika na kitambulisho cha taifa na cheti cha KCSE, akiwa na umri wa miaka 18 hadi 26 na kimo kisichopungua mita 1.60. Hukimbia na kupimwa afya. Akichaguliwa huenda Moi Barracks, Eldoret, kufunzwa uaskari, na tangu hapo namba yake huandamana na jina lake katika kila karatasi ya jeshi.

Hasara ya kukosa kumbukumbu hizo ilionekana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikuwa wamefungua kituo cha utawala Embu mwaka 1906. Mwaka 1917 walikusanya wanaume kwa nguvu kote nchini, wakiwamo wa Mlima Kenya, wakabebe mizigo ya jeshi lililopigana na Wajerumani Tanganyika. Maradhi na utapiamlo viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Nairobi inawakumbuka kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, lakini haina jina hata moja. Mwezi Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hata sasa kazi ya kuwatambua waliokufa vitani si nyepesi. Kambi ya Wakenya ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa Januari 15, 2016, ilibidi vipimo vya vinasaba vitumike kuwatambua baadhi ya waliouawa.

Familia za Embu, Mbeere na Meru zenye nishani, barua au vyeti vya babu waliotumikia King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, zisiviache viliwe na mchwa. Yaandikwe jina kamili, namba, kikosi na kijiji alikotoka, na nakala ipelekwe kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi, maana wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanazidi kupungua.