Rudi Kabla Hujarudishwa

Pale Lamadi, saa moja asubuhi, basi letu lilijibana pembeni kupisha Koasta mbili zilizofungwa vitambaa vyekundu. Ya mbele ilibeba jeneza. Abiria wakanyamaza, wanaume waliovaa kofia wakazivua. Mama niliyekaa naye akauliza kwa sauti ya chini, "Wanampeleka wapi?" Kondakta akajibu kwamba ni Musoma, na kwamba wametoka Dar es Salaam jana yake.

Sikuwafahamu wale watu, lakini safari yao naifahamu. Katika miaka 11 iliyopita nimepanda Koasta ya namna ile mara tano: kwa baba, kwa shangazi, kwa binamu wawili, na mwisho kwa mama. Nilipohesabu vidoleni nikakosa raha hadi Bunda. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuingia Mkoa wa Mara pasipo kuitwa na kifo.

Safari hii sikuitwa.

"Nani amefariki?"

Ukishavuka Lamadi, nchi inakupokea kwa pande mbili. Kushoto, nyuma ya mashamba, Ghuba ya Speke inameta. Kulia ni lango la Ndabaka, ambako mkono wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, unanyooka hadi karibu kugusa ziwa. Kati ya maji na wanyama wanaishi watu, na mtama wao, muhogo wao, pamba yao na ng'ombe wanaochungwa kando ya lami. Kisha milima ya Balili inajitokeza, na chini yake mji wa Bunda.

Kwetu ni nje ya mji, upande wa Nyamuswa. Bodaboda alinishusha kwa baba mdogo, nikamkuta anaanika udaga juu ya jiwe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Akanitazama, akatazama barabara niliyotokea, kisha akaacha udaga wake. "Nani amefariki, mura?"

Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, safari hii akitaja ndugu zangu jina kwa jina, kama mtu anayehesabu mifugo inapoingia zizini jioni. Nilipomhakikishia kwamba wote ni wazima, alikaa juu ya lile jiwe, akacheka, halafu akafuta macho. Mzee anamwona mtoto wa kaka yake mlangoni, na neno la kwanza linalomjia ni msiba. Kosa si lake. Sisi ndio tuliomzoesha hivyo.

Jioni alichukua tochi na debe tupu, akaenda kulinda shamba. Tembo wanaotoka Serengeti hawajui mpaka wa hifadhi unapoishia. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana nayo, kama Kunzugu, usiku mmoja unatosha kumaliza chakula cha mwaka mzima. Watu wamejaribu pilipili, wamejaribu mizinga ya nyuki, na wengi bado wanategemea mwanga na kelele. Nilikesha naye kibandani. Tembo hawakuja, lakini karibu na alfajiri alisema jambo lililonichoma kuliko baridi: "Niliwaomba tochi mbili kubwa. Labda ujumbe haukufika."

Ulifika. Ulifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nami niliujibu kwa alama ya dole gumba. Kundi hilohilo, mama alipofariki, lilichanga shilingi milioni 6 kwa siku mbili ili mwili wake usafirishwe kwa heshima.

Itongo

Kulipokucha tulikwenda kuangalia palipokuwa kwetu. Mzee hakusema "nyumbani", alisema "itongo". Katika lugha zetu za Mara, itongo ni mahali palipokuwa na mji, watu wakaondoka. Kiswahili kinaita mahame. Utalitambua kwa ua wa minyaa unaoendelea kukua hata baada ya nyumba kuanguka, na kwa udongo unaobaki na rutuba palipokuwa na zizi. Mwembe wa mama ulikuwa umezaa. Mafiga matatu ya jiko lake yalikuwa palepale, katikati ya nyasi.

Mara ina matongo mengi. Yako yaliyoachwa zamani kwa ukame na maradhi, na yako ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kaya zilizotawanyika zilipohamishwa ili zikae pamoja. La kwetu halikuachwa kwa amri wala kwa njaa. Watoto sita tulisoma, tukaondoka, wazazi wakafa, paa likashuka. Na si kwamba watu wameikimbia nchi hii: sensa ya 2012 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.74 katika mkoa huu, na ile ya 2022 ikahesabu milioni 2.37. Jirani zetu wote wana moshi jikoni. Sisi ndio tusio nao.

Njia nne za kurudi Butiama

Kutoka Bunda, barabara kuu inapita Kiabakari, na ukifika Makutano unaingia upande wa mashariki kwenda Butiama. Nilikwisha kwenda huko nikiwa mwanafunzi, nikaona makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere na kaburi lake, nikaandika insha. Sikuwahi kujiuliza maana ya jina la mahali penyewe. Panaitwa Mwitongo. Makazi ya Baba wa Taifa, na kaburi lake karibu na makaburi ya wazazi wake, vimekaa juu ya mahame.

Mwalimu, aliyepewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua, alizaliwa hapa tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alitoka hapa kwenda kusoma Mwisenge, Musoma, umbali wa kama kilomita 40. Baadaye ikaja Tabora, ikaja Makerere, ikaja Edinburgh. Huo ndio upande wa safari tuliofundishwa shuleni. Nilipokaa chini ya miti kando ya mawe makubwa ya Mwitongo, nilijaribu kuisimulia kwa upande wake wa pili.

Mara ya kwanza alirudi mwaka 1952, akiwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kabla ya kwenda kufundisha Pugu alijenga nyumba kwa mikono yake hapa Butiama, na Januari 1953 akamwoa Maria Waningu. Mara ya pili ilikuwa 1955, alipoacha ualimu kwa sababu ya TANU. Hakuwa na mshahara. Akarudi kwao, akamfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll na kusaidia kutafsiri maandiko ya kanisa. Mara ya tatu ilikuwa baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, akiwa na miaka 63. Hakujifungia, uenyekiti wa CCM aliushika hadi 1990, na usuluhishi wa Burundi ulimchukua miaka yake ya mwisho. Lakini shamba lake lilikuwa hapa, na miaka hiyo ndiyo iliyotupa tenzi zake za Biblia, zilizochapishwa mwaka 1996.

Mara ya nne alirudishwa. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo tarehe 23.

Mara tatu kwa miguu yake, mara moja juu ya mabega ya wengine. Ndiyo maana ile ya nne haikuwa ngeni. Aliletwa kwa watu waliozoea kumwona akiwa na jembe, katika ardhi aliyoipalilia mwenyewe. Sisi wengi tunaikabidhi ile ya nne kazi ya zote. Tunaamini kwamba jeneza zuri na msafara mrefu vitalipa Krismasi ambazo hatukuja, na mavuno ambayo hatukuyaona. Haviwezi kulipa. Mama yangu alizikwa kwa heshima kubwa, na hata jembe moja la kumsaidia kupalilia sikuwahi kulishika tangu nilipomaliza chuo.

Itongo, basi, si hukumu ya milele. Mwitongo pamebeba jina la mahame na pana maisha, kwa kuwa kuna aliyeamua kuwasha moto tena.

Musoma

Nilimalizia Musoma kwa sababu ndiko nilikopandia basi la kwanza kuondoka. Pale Mwigobero boti za Kinesi bado zinajaza abiria, mizigo na baiskeli, na dagaa wameanikwa wakimeta kama fedha. Ziwa lilinieleza umri wa kutokuwapo kwangu. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1964, yakala fukwe. Watu wa hapa wanakuonyesha kwa kidole yalipofika, nawe huna la kuongeza, kwa sababu hukuwapo. Mutex, kiwanda cha nguo kilichokuwa kikitumia pamba ya wakulima kama baba yangu, nacho nilikikosa kikiunguruma na nikakikosa kiliposimama.

Mwisenge nilipita wakati wa mapumziko. Watoto walikuwa wanakimbizana uwanjani. Wako miongoni mwao watakaofika mbali kuliko Tabora na Edinburgh, na hakuna ubaya. Mara imewahi kuilea nchi nzima kwa kumwachia mtoto mmoja aende. Ningependa tu waambiwe mapema, pamoja na hesabu na Kiingereza, kwamba safari ya kwenda ni nusu ya safari.

Tiketi yangu ya Dar es Salaam ilikuwa ya kesho yake. Nilikwenda mtaa wa Mukendo, nikanunua tochi mbili kubwa na bando moja la mabati, nikatafuta gari la Bunda.

Baba mdogo alipima kwa hatua zake mwenyewe, kutoka kwenye mwembe hadi kwenye mafiga: chumba kimoja na kibaraza. Nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo bila maelezo. Haikupita dakika moja, simu ikaita. Alikuwa dada yangu mkubwa, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Nani?" akauliza.

"Hakuna, dada. Wote wazima. Tunapima chumba. Wewe unakuja lini?"