Basi la Watoto wa Clarendon

Ninyi wazazi mwajua jinsi mtoto anavyorudi kutoka shule ya mbali: miguu imejaa vumbi, macho yamelegea, na somo la asubuhi limekwisha kusahauliwa. Basi sikilizeni habari za wazazi wa wilaya ya Clarendon, jimbo la South Carolina, huko Marekani.

Sheria ya jimbo iliwatenga watoto weusi na watoto wa Wazungu, kila kundi na shule zake. Watoto wa Wazungu walikuwa na mabasi 30 ya kuwapeleka shuleni. Watoto weusi, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na hata moja. Wazazi wao wakachanga fedha, wakanunua basi kuukuu, wakawaomba wakuu wa shule wawasaidie mafuta tu. Wakanyimwa.

Mwaka 1947 mkulima Levi Pearson alidai basi kwa njia ya sheria. Kesi ikafutwa mwaka 1948, kwa hoja ya kwamba mpaka wa mtaa wa shule ulipita katika shamba lake. (Sijui kama mpaka huo ungalichunguzwa hivyo kwa shamba la Mzungu.)

Lakini upungufu haukuwa wa basi tu. Katika mwaka wa masomo 1949–50 wilaya ilitumia dola 179 kwa kila mtoto wa Mzungu, na dola 43 kwa kila mtoto mweusi. Nyingi za shule zao zilikuwa vibanda vya mbao, bila maji ya bomba.

Novemba 1949 wazazi walitia sahihi ombi, wakiongozwa na Joseph De Laine, pasta na mwalimu. La kwanza lilikuwa jina la Harry Briggs, aliyekuwa akihudumu katika kituo cha petroli. Akafukuzwa kazi, na mkewe Eliza vilevile. Wafanyabiashara wakakataa kumkopesha Pearson. Mwaka 1951 nyumba ya De Laine iliteketea, na wazima moto wakasimama wakitazama, wakisema kwamba ipo nje ya mpaka wa mji. Tena mpaka!

Mwaka huohuo, mbele ya mahakama ya Charleston, wakili wa serikali alikiri kwamba shule hazikuwa sawa, akaomba muda wa kuzisawazisha. Majaji wawili wakakubali. Wa tatu, Waties Waring, akakataa: kwake, kutenga kwenyewe ndiko kutolingana. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani walitamka kwamba kutenga watoto shuleni kwa ajili ya rangi ni kuvunja katiba.

Hata hivyo, ni mwaka 1965 tu ndipo watoto weusi wa kwanza walipopokewa katika shule ya Wazungu ya Summerton, wilayani humo. Wazungu wengi wakawatoa watoto wao, wakawafungulia shule ya kulipia. Nao watoto ambao wazazi wao waliwaombea mwaka 1949 walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.